Uvimbe kwenye nyonga: usinywe chochote kabla hujajua umeota wapi

Dada, weka hicho kikombe chini. Umeandika kwamba ripoti ya altrasaundi inaonyesha uvimbe wa sentimita 6 upande wa kulia wa nyonga, kwamba unaogopa saratani, unataka kujua gharama za upasuaji na kama bado utazaa, na kwamba kesho unaanza dozi ya unga wa "kuyeyusha uvimbe" kutoka kwa mtu wa WhatsApp. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani saa saba usiku.

Neno uvimbe katika ripoti si jina la ugonjwa. Unaweza kuwa faibroidi, ambayo huota kwenye misuli ya mfuko wa uzazi na si saratani. Unaweza kuwa kifuko cha maji kwenye ovari, yaani kiungo kinachotoa mayai ya uzazi, ambacho kwa mwanamke anayepata hedhi mara nyingi hutoweka chenyewe baada ya mizunguko michache. Unaweza kuwa mrija wa uzazi uliojaa usaha, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au, mara chache zaidi kwa miaka yako 29, saratani.

Mimi sikuyajua hayo. Ripoti yangu nilimpelekea mama mmoja muuza dawa za asili, mwenye sauti ya upole na vyeti ukuta mzima, ambaye aliishika karatasi kichwa chini miguu juu na kunihakikishia kuwa ni faibroidi. Nilikunywa unga wake miezi minane, shilingi 90,000 kila mwezi, na kila nilipolalamika maumivu alinifariji kwamba hiyo ndiyo mizizi inang'oka, kana kwamba nimepandwa mhogo. Mwezi wa tisa, usiku, maumivu yalinikata ghafla, nikatapika hadi nyongo, nikadhani basi, shamba zima limeng'olewa. Kumbe uvimbe ulikuwa wa ovari, aina iitwayo dermoidi, na uzito wake ulikuwa umeifanya ovari ijisokote mpaka damu ikashindwa kupita. Nilipofanyiwa upasuaji ovari ilikuwa imeshakufa, ikaondolewa. Ndani ya uvimbe mlikuwa na mafuta, nywele na meno mawili. Ni unga gani huo unaoyeyusha meno? Bingwa aliniambia kwamba ningefika mapema, huenda angetoa uvimbe peke yake na kuiacha ovari. Yule mama simsamehei, wala yule mhudumu aliyenipa ripoti kupitia dirishani bila kunielekeza niipeleke kwa nani.

Kwa hiyo, kabla ya kumeza chochote, ujue uvimbe umeota wapi, na ndani yake mna maji matupu au nyama. Ripoti isiposema, mpelekee daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake pamoja na picha zake, umtajie tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na upimwe mimba. Akiagiza kipimo cha damu cha CA-125 nacho kikapanda, usijihukumu kuwa una saratani, kwa sababu hupanda hata kwa endometriosi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake) na kifua kikuu cha tumboni. Akisema urudie altrasaundi baada ya wiki kadhaa, hajakupuuza. Maumivu makali yakija ghafla, nenda hospitali usiku huohuo.

Na huyo wa WhatsApp akidai pesa yake, mwulize uvimbe wako umeota wapi.