Nano bila mashine za bei mbaya

SWALI: Habari zenu, nafundisha kemia chuo kimoja hapa Dodoma, vijana wanakariri tu kwamba nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita, hadubini ya elektroni hatuna, sasa hiyo nano wataigusaje?

JIBU: Pole mwalimu, ila mwarobaini si umejaa hapo nje! Wachemshe majani, wachuje, wachanganye na maji ya silva naitreti, yaani chumvi ya madini ya fedha (milimola 1 kwa lita inatosha), halafu wasubiri, rangi itageuka kahawia wenyewe wakiona, ndo chembe za nano za fedha zinazaliwa hivyo. Pembeni waweke chupa ya maji ya majani peke yake, bila ya kulinganisha watabaki wanabahatisha tu. Wakishtuka wakauliza rangi imetoka wapi usikimbilie kuwajibu, hapo ndo somo lenyewe. Glavu lazima jamani, ile silva naitreti inaacha madoa meusi kwenye ngozi siku kadhaa.