Jibu: Antimata ipo kweli? Mbona hatuioni?

Mkuu, umeuliza kama antimata, yaani pacha wa maada ya kawaida mwenye chaji kinyume, ni kitu halisi au ni porojo za filamu, na kama ipo, imejificha wapi. Ipo, tena jirani kuliko unavyodhani. Ndizi uliyokula asubuhi ina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo ni ya mionzi. Kwa makadirio, kila baada ya saa moja na robo hivi ndizi moja hutoa pozitroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Haifiki mbali: ikikutana na elektroni ya kawaida, zote mbili hutoweka, ikabaki miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa usioonekana kwa macho. (Ndizi endelea kula, haina shida.)

Ndiyo maana antimata ni adimu. Kila kona imejaa maada ya kawaida, kwa hiyo antimata haina pa kutua. Hesabu za mwanafizikia Paul Dirac za mwaka 1928 ndizo zilizoiashiria, mwenzake Carl Anderson akaja kuiona pozitroni mwaka 1932. Leo kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wanaitengeneza na kuining'iniza kwa nguvu za sumaku ndani ya ombwe isiguse ukuta wa chombo, lakini kinachopatikana hakikaribii hata gramu moja. Bomu la antimata la kwenye filamu, sahau.

Hospitalini inatumika: kipimo cha PET, kinachopiga picha za ndani ya mwili, hutegemea pozitroni kuonyesha saratani.

Swali gumu hasa ni kwa nini mwanzoni mwa ulimwengu maada iliizidi antimata kidogo, sisi tukapatikana. Hapo hata wanafizikia bado wanakuna vichwa.