Kikapu na Mwalimu: Gadi wa kwanza akikaa, mpira anaupeleka nani?

Shikamoo Mwalimu. Timu yetu ya kikapu ya mtaa hapa Chuno, Mtwara, ina gadi (mchezaji anayepandisha mpira na kuanzisha mchezo) mmoja hodari. Akiwa uwanjani tunaongoza. Akitolewa apumzike, pointi zote zinarudi kwa wapinzani. Msimu umeisha, na michango iliyopatikana inatosha kumleta mchezaji mmoja tu. Wenzangu wanataka mrefu kwa sababu rebaundi (mipira inayorudi ikikosa kikapu) tunanyang'anywa. Mimi nataka gadi wa pili. Nani yuko sahihi? (Katibu wa timu)

Marahaba Katibu. Uko sahihi, ila jiandae kuzidiwa kura. Mrefu anauzika kirahisi, akiingia tu kikaoni kila mtu ameshamwona. Halafu sisi Watanzania tuna sababu yetu: tangu mrefu wetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa 2, na Memphis Grizzlies, siku timu za NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, kila timu ya mtaa inamtafuta wa kwake. Simsemi vibaya Hasheem, ndiye aliyetufungulia mlango wa NBA. Lakini soma orodha ya siku ile mpaka chini kidogo: wa 3 ni James Harden, wa 7 ni Stephen Curry. Magadi wote hao.

Turudi kwenu. Msimu huu niliangalia mechi moja hapa mjini, na nadhani hata ninyi mnaijua hali hii. Gadi tegemeo amekaa, jasho linamtiririka. Aliyempokea nafasi anapewa mpira chini ya goli lake. Wapinzani wawili wanamvaa, wanamsukumia kwenye mstari wa pembeni. Kijana anageuza mgongo, anadunda kwa mkono wa kulia tu, macho yameganda kwenye mpira. Mwamuzi anahesabu. Zikitimia sekunde 8 hajavuka mstari wa kati, filimbi, mpira unakwenda upande wa pili. Na huku mbele yule mrefu wa timu yake amenyoosha mikono juu muda wote, mpira haukumfikia hata mara moja. Mkileta mrefu wa pili, watakuwa wawili walionyoosha mikono.

Hata mpira ukivuka, hesabu haijaisha. Mna sekunde 24 za kutupa kikapuni tangu mpate mpira. Gadi akitumia 7 kuhangaika na mstari wa kati, zimebaki 17, na hapo bado hajaita mchezo wala hajatazama nani yuko wazi. Matokeo yake anayetupa ni mtu yeyote, kutoka popote.

Kosa la makocha wengi ni kutafuta nakala ya gadi wa kwanza. Haipatikani, na ikipatikana haitakubali kukaa benchi. Gadi wa akiba mnamhitaji kwa dakika kama 10 au 15 kati ya 40. Avukishe mpira, aanzishe mchezo, amkabe gadi wa wapinzani uwanja mzima ili amchoshe, basi. Akifunga, ni nyongeza. Pia ndiye kinga yenu siku gadi wenu atakapopata faulo ya 3 kabla ya mapumziko, maana kwa sheria za kimataifa faulo ya 5 inamtoa mtu moja kwa moja.

Na siku ya balaa je? Kumbuka fainali ya NBA, mechi ya 7, tarehe 22 Juni 2025. Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers alikatika kano ya kisigino robo ya kwanza. Timu haikuzama papo hapo: walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47, na robo ya tatu T.J. McConnell, gadi wa akiba ambaye mwaka 2015 hakuna timu iliyomchagua, akafunga pointi 12 peke yake. Mwisho Oklahoma City Thunder walishinda 103 kwa 91. Mtu wa dakika 15 ukimpa mzigo wa usiku mzima utamzidi, lakini walikuwa na mtu wa kumpa.

Kwenye majaribio msiwashindanishe kutupa pointi tatu. Mpe mpira chini ya goli, muwekee wakabaji wawili, uhesabu mpaka 8 kwa sauti. Tazama mkono wa kushoto, na kama anainua kichwa. Msikilize: gadi bubu hafai.

Kisha muulize swali ambalo viongozi wetu wa Kusini wanalisahau: korosho zikianza Oktoba utakuwa wapi? Wanafunzi wa vyuo nao hucheza vizuri sana, chuo kikifungwa wanapanda basi kurudi kwao. Bora fundi pikipiki wa Magomeni hapa mjini anayedunda wastani kuliko nyota ambaye mwezi mzima yuko Tandahimba shambani.

Rebaundi? Wafundisheni kumweka mpinzani mgongoni kabla ya kuruka. Hilo halihitaji michango.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni gadi wa akiba, timu ya sekondari, Lindi. Naingizwa dakika chache tu, kwa hiyo nikipata mpira natupa haraka ili kocha anione. Bado hanipi muda. Nifanye nini likizo hii? (Binti wa Mtanda)

Marahaba binti. Kocha anakuona, ndiyo maana anakutoa. Ukiwa benchi jua nani kwa wapinzani ana faulo 3 na nani anashika kiuno kwa uchovu. Ukiingia, mpelekee mpira mwenzako anayekabwa na huyo. Mpira wa kwanza usitupe, labda uko peke yako chini ya goli. Likizo hii, asubuhi kabla ya jua kali, dunda kwa mkono wa kushoto kwenye saruji (si ufukweni, mchanga haurudishi mpira). Na usione haya kutokea benchi. Payton Pritchard wa Boston Celtics, akiwa gadi wa akiba, alipewa tuzo ya NBA ya mchezaji bora anayetokea benchi mwaka 2025.

Timu ya NBA inaruhusiwa wachezaji wangapi? (Msomaji, Masasi)

Msimu ukiendelea ni 15 wa mkataba wa kawaida, na 3 wanaogawana muda na ligi ndogo. Msimu ukiwa umefungwa wanaweza kufika 21, ndipo wanachujwa. Kwenye mechi za kanuni za kimataifa, zikiwemo zetu, mnaandikisha 12.