Mama hakukupiga lakini bado uliumizwa, nenda tu kwa mshauri

Pole sana dada. Umeuliza kama ni sawa kutafuta mshauri ukubwani wakati mama hakuwahi kukupiga, alikuwa anakutukana tu na kukwambia huna maana. Ni sawa kabisa, tena usijilinganishe na waliopigwa, ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 1998 kuhusu mateso ya utotoni uliweka matusi na kudhalilishwa na mzazi kwenye orodha moja na kipigo.

Sasa ukianza kaunselingi usijilazimishe kumwaga yote siku ya kwanza, mshauri mzuri anakuacha uende mdogo mdogo, mnajenga kuaminiana kwanza, anakufundisha kujituliza moyo ukianza kwenda mbio, halafu ndo mnagusa ya zamani, na kazi kubwa hapo ni kuitambua ile sauti ya "we mjinga" kichwani kwamba sio yako, ulimezeshwa ukiwa mtoto. Mwanzoni unaweza kujisikia vibaya zaidi, mwambie mshauri, usiache kimya kimya.

Akikulazimisha kumsamehe mama harakaharaka badilisha mshauri, mi hapo sina mjadala. Na ukipata mawazo ya kujidhuru usisubiri apointimenti, tafuta msaada siku hiyohiyo.