Mratibu mpya wa tuzo za wahisani chuoni: anza na hati na daftari, hafla itafuata

Mkuu, umesema umekabidhiwa uratibu wa tuzo za wahisani kwenye chuo kikuu hapa Tanzania, umekuta mafaili 14, wahisani watatu wanalalamika hawajaona ripoti, na bosi wako anataka uanze na hafla ya kukabidhi tuzo. Hafla isogeze mbele. Kinachomkimbiza mhisani mara nyingi ni pesa yake kukaa kwenye akaunti ya chuo bila kumfikia mwanafunzi, naye asiambiwe. Na pesa hukaa kwa sababu masharti ya tuzo yaliandikwa vibaya tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye masharti.

Kwanza tengeneza daftari moja la tuzo zote. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, mstari mmoja kwa kila tuzo. Weka jina la tuzo herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati (makubaliano ya chuo na mhisani), mhisani na mtu wake wa mawasiliano, kasma (namba ya hesabu ya tuzo kwenye vitabu vya chuo) ambako pesa inaingia, salio la leo, masharti neno kwa neno, idadi ya wanufaika, tarehe ambayo pesa huingia, na tarehe ya ripoti. Ongeza safu mbili ambazo wengi husahau: kama mhisani anakubali jina lake litangazwe, na nani wa kuwasiliana naye akifariki au akihama kazi. Salio usilitoe kwenye faili. Nenda ofisi ya fedha, ukae na mhasibu, mlinganishe kasma moja baada ya nyingine. Utakuta tuzo ambayo faili linasema imekwisha kumbe ina pesa, na nyingine imelipa wanafunzi kutoka kasma ya jirani. Hayo yarekebishwe kwa maandishi kabla hujamwandikia mhisani yeyote tarakimu hata moja.

Sasa masharti. Hati nyingi huandikwa mhisani akiwa na moyo uliojaa, hasa anayeweka tuzo ya kumbukumbu ya marehemu. Anataka mnufaika afanane na mpendwa wake: msichana, mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi, kutoka mkoa fulani, GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 4.4, asiye na mkopo. Kila sharti peke yake lina mantiki. Yakipangwa pamoja yanakausha orodha. Chukua darasa la watu 80: wasichana labda 16, wanaotoka mkoa huo 2, na wenye 4.4, yaani daraja la kwanza, hakuna. Mwaka unapita, pesa imelala. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu mhisani anauliza, na jibu la "hakukuwa na mwenye sifa" analisikia kama uzembe.

Dawa ni kuyapima masharti kabla ya kusaini. Omba ofisi ya usajili orodha za miaka 3 iliyopita, uzichuje kwa masharti yaliyopendekezwa. Kama kuna mwaka ambao waliobaki hawafiki 5, masharti ni membamba mno. Mrudie mhisani na hizo namba mkononi. Sijaona anayekasirika akionyeshwa hesabu. Mshauri agawe masharti mafungu mawili: ya lazima, yasizidi mawili, na ya kipaumbele, ambayo yakikosekana tuzo inaendelea. Halafu ingiza kifungu cha mbadala, kwa maneno kama haya:

"Iwapo katika mwaka wowote hatapatikana mwanafunzi aliyetimiza masharti ya kipaumbele, Kamati itatoa tuzo kwa mwanafunzi mwenye uhitaji mkubwa zaidi katika kitivo hicho, na mhisani atajulishwa kwa maandishi ndani ya siku 30."

Kifungu hicho kinaokoa kuliko kingine chochote kwenye hati. Kwa hati za zamani zisizo nacho, usijipe mamlaka ya kuzitafsiri. Andaa nyongeza ya ukurasa mmoja, mwanasheria wa chuo aipitie, mhisani au familia yake isaini.

Hati iseme pia nani anachagua. Mhisani aweke masharti, uchaguzi ubaki kwa chuo. Akitaka mjumbe wake aketi kwenye kamati, aketi bila kura. Ukimruhusu achague mtu mwenyewe, siku moja atakuletea jina la mtoto wa ndugu yake, na utakuwa huna pa kushika. Iseme vilevile nini kinatokea mnufaika akiahirisha mwaka, akipata sapu (mtihani wa marudio), akikeri somo (kulibeba mwaka unaofuata) au akidisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Pendekezo langu: sapu isimwondoe mtu, kuahirisha kwa ugonjwa kumtunzie nafasi mwaka mmoja, kudisko kufunge tuzo na nafasi iende kwa aliye kwenye orodha ya akiba.

Kuhusu tuzo za mfuko wa wakfu, neno lenyewe linajieleza kwa msomaji wa Kiswahili: mali inafungwa, yanayotumika ni mazao yake. Hata hivyo wahisani hukosea hesabu. Mtu anatoa milioni 40 akiamini atasomesha watano kila mwaka. Chuo kikitoa asilimia 4 kwa mwaka ni shilingi 1,600,000. Hapo unalipa ada ya mmoja ya 1,300,000 na kubakiza 300,000 za vitabu, basi. Mwambie siku ya kusaini, si mwaka wa pili. Usitoe chochote kabla mtaji haujakaa miezi 12 kamili, maana ukigusa mtaji mwaka wa kwanza kwa sababu ya haraka ya hafla, mfuko unaanza ukiwa na kilema. Na usiandike "wanafunzi wawili kila mwaka". Andika "kwa kadiri mapato yatakavyoruhusu", kwa sababu ada hupanda.

Jambo jingine linalotesa watu ni mgongano na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Mkopo wa HESLB hugawanywa kwa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Majina hutoka kwa awamu mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na wewe unaweza kuwa umeshachagua. Mfano: binti amepewa tuzo inayolipa ada tu, wiki mbili baadaye mkopo wake unatoka na ada imefunikwa yote. Pesa ya mhisani inabaki kama ziada kwenye akaunti yake ya ada. Ripoti itasema amesaidiwa 1,300,000, lakini yeye mfukoni hana nauli ya kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Hili linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu kila mtu amefanya wajibu wake na mtoto bado analala njaa. Kinga yake ni mbili. Hati iseme tuzo italipa "ada au gharama nyingine za masomo". Na kabla kamati haijakaa, peleka orodha ya waombaji kwenye dawati la mikopo, wakujazie kila mmoja anapata nini kwa kipengele gani. Rudia tena kabla ya kusaini hati ya malipo.

Fomu ya maombi iwe fupi, kurasa mbili. Matokeo usiyaombe kwa mwanafunzi, yavute kwenye mfumo wa chuo, na tumia yaliyopitishwa na Seneti (baraza la taaluma la chuo) tu. Ya awali hubadilika baada ya rufaa na sapu. Mwaka wa kwanza hana GPA ya chuo, kwa hiyo andika mapema utapimaje waliotoka kidato cha sita na waliotoka stashahada, maana mizani yao haifanani. Yatima alete cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji ipokee, lakini usiipe uzito wote: karibu kila mwombaji ataileta na maneno hufanana. Swali linalofumbua zaidi ni hili: "Muhula uliopita nani alilipa nini?" Mwache aandike kwa mistari, kiasi na chanzo. Mwenye shida ya kweli anajaza bila kusita, kwa sababu kila shilingi anaikumbuka ilikotoka.

Kamati iwe ya watu 5, pungufu ya 3 isikae. Alama zigawanywe kabla majina hayajafunguliwa, tuseme 60 kwa uhitaji na 40 kwa taaluma kama tuzo ni ya uhitaji. Mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atamke na atoke nje, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Kila tuzo ibaki na majina 2 ya akiba yenye alama zao.

Malipo: ya ada yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya ada ya mwanafunzi chuoni. Ya kujikimu yaende benki, na hapo ndipo majina yanapogoma. Chuoni ana majina matatu, benki mawili, au ameolewa akabadilisha, au akaunti imelala tangu bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) la mwaka jana. Mwombe picha ya kadi au taarifa ya benki inayoonyesha jina, na uilinganishe herufi kwa herufi kabla ya kupeleka orodha kwa mhasibu. Muamala mmoja uliogoma unaweza kuzungushwa wiki kadhaa kabla haujarudi. Usikubali kamwe kupitishia pesa kwenye simu ya mtu wa tatu, hata awe mlezi.

Barua ya shukrani. Usimwambie mwanafunzi "andika barua" ukaishia hapo. Utaletewa hii: "Nakushukuru sana mfadhili wangu, Mungu akubariki, mimi ni yatima, sina mtu, naomba usiniache, namba yangu ni hii." Mhisani anaisoma na kubanwa kifuani, hajui atume pesa zaidi au anyamaze. Mwelekeze aandike maneno 200 hivi: anasoma nini, tuzo imelipa nini hasa, amefanya nini muhula huu, anapanga nini. Kwa mfano: "Tuzo yako imenilipia ada na kunibakizia pesa ya kununua kikokotoo na buti za karakana. Muhula huu tumepima barabara ya kilomita 2, na mimi ndiye niliyeshika darubini ya upimaji." Sentensi kama hiyo ya buti na darubini mhisani ataihifadhi. Hakuna namba ya simu, hakuna ombi jipya, na habari za msiba wa nyumbani ni hiari yake. Soma kila barua kabla haijatoka, sahihisha majina, usibadilishe sauti yake.

Picha na majina ni suala la sheria pia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo weka fomu ya ridhaa yenye visanduku vinavyojitegemea: jina kwa mhisani, picha kwenye tovuti, matokeo kwa mhisani. Akikataa picha asinyimwe tuzo. Mhisani akidai GPA ya mtu ambaye hakuridhia, mwambie tu kama anaendelea kutimiza masharti au la.

Ripoti isizidi kurasa mbili, iende ndani ya siku 60 baada ya mwaka wa masomo kufungwa. Jedwali moja: salio la kufungulia, kilichoingia, kilicholipwa na kwa nani, makato ya benki, salio la kufungia. Kwa wahisani wa nje, na Watanzania walioko ughaibuni wanaochangishana kwenye makundi ya WhatsApp, onyesha kiasi walichotuma, tarehe, kiwango cha kubadilishia na shilingi zilizoingia. Dola 2,000 kwa kiwango cha 2,500 ni milioni 5. Ukiingiza pungufu kwa sababu ya makato, usipoyaandika, mtu atadhani kuna mkono umepita. Kwa makundi hayo ya kuchanga, hati imtaje mtu mmoja wa kusaini na mmoja wa akiba, vinginevyo utapokea maelekezo matatu tofauti kwa wiki moja.

Habari mbaya usingoje ripoti. Mnufaika akidisko, mhisani ajue ndani ya wiki mbili baada ya Seneti. Andika kwa utulivu: "Mnufaika mmoja hakufikia kiwango cha kuendelea na masomo. Muhula wa pili haukulipwa, 650,000 zimebaki, na kwa mujibu wa kifungu cha 6 zinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Tunaomba uthibitisho wako kufikia tarehe 15." Usimweleze sababu za ndani za kijana huyo. Ni zake.

Wale watatu wanaolalamika wapigie simu wiki hii, usianze na barua pepe. Waombe radhi kwa niaba ya chuo bila kumtaja aliyekutangulia, sikiliza mpaka mwisho, kisha toa tarehe kamili ya ripoti. Jipe siku 21 na si 7, kwa sababu kulinganisha kasma kutakula wiki mbili. Siku hiyohiyo tuma barua ya mistari mitano inayorudia tarehe hiyo, isainiwe na bosi wako. Na kama ndani ya mafaili 14 kuna tuzo ya marehemu ambayo haijatolewa kwa miaka, hiyo iwe ya kwanza. Nenda ukaione familia, uwe na salio kamili mkononi na nyongeza ya hati ikiwa tayari kusainiwa.