Mbwa wa mteja anahara damu: waambie wenzake leo

Dada wa Shangani, pole. Unasema mbwa mmoja kati ya watatu unaowalaza nyumbani anatapika na kuhara damu, na unaogopa kuwaambia wateja wengine. Wapigie leo. Hizo ni dalili za pavo, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi, nayo kwa kawaida hujificha siku 3 hadi 7, hata 14, kabla mbwa hajaonyesha chochote. Hao wawili wanaochezacheza uani huenda wameshaambukizwa, na wewe unahitaji kujua kama walimaliza chanjo.

Mgonjwa aonwe na daktari wa mifugo sasa hivi, hasa akiwa mdogo. Kuishiwa maji huua haraka. Mtenge, vyombo vyake visichanganywe, mhudumie wa mwisho, kisha ubadili kandambili.

Usafi ndio kazi yenyewe. Sabuni peke yake haiui virusi hivi. Ondoa kinyesi chote, osha, halafu mwaga jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji, ikae dakika 10. Ua wa mchanga ndio mtihani mkubwa: jiki haifui dafu kwenye udongo, na virusi huweza kukaa humo mwaka mzima. Kwa hiyo kwa mwaka mzima kuanzia sasa usipokee mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo, hata mwenyewe akubembeleze vipi.