Wanafuta faktire bila kutaka, nifanye nini?

SWALI: Jambo yaya. Nilitengeneza programu ya kuuzisha dawa kwa farmasia ya mama mdogo, hapa Kadutu, Bukavu. Inafanya kazi muzuri lakini wale wanaoshika kesi (sanduku la pesa) kila wiki wanafuta faktire (hati ya mauzo) bila kutaka. Nilishaweka dirisha ya kuuliza «Una hakika? Ndiyo / Hapana», wanabonyeza Ndiyo tu. Niwafundishe tena? Picha ya ekrani ni hii hapa.

JIBU: Aksanti mdogo wangu. Hapana, usiwafundishe tena, kosa si lao. Kwa picha yako naona «Hifadhi» na «Futa» zimeshikana, ukubwa moja, rangi moja. Tangu 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake, kwa hiyo «Hifadhi» uifanye kubwa, ikae pale mkono unamalizia kuandika, na «Futa» uipeleke mbali kabisa, upande mwingine wa dirisha.

Ile swali nayo, mtu anayefunga faktire kutoka asubuhi mpaka jioni haisomi tena, siku ya tatu kidole kimeshajua njia ya Ndiyo na macho yake yako kwa mgonjwa. Miongozo ya Apple na ya Microsoft zote zinataka butoni iseme kitendo chenyewe: «Futa faktire», «Iache». Fanya hivyo, ila mimi ningeondoa swali kabisa. Faktire ifutwe palepale, chini itokee neno «Rudisha», na Ctrl+Z ifanye kazi ileile maana watu wameshaizoea kwa programu zingine, usiwabunie njia yako mpya. Na ndani ya hifadhidata usifute kitu kweli, weka alama tu kwamba imefutwa, tena na saa yake, mama mdogo atakushukuru siku ya kuhesabu kesi.

Kuna jambo hukuuliza lakini linaniuma. Klavye zetu nyingi ni AZERTY, ule mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kwa laptopu ndogo isiyo na namba pembeni, kila tarakimu inaomba Shift. Mtu anaandika bei za faranga, elfu kumi na mbili mia tano, ameshika Shift muda wote! Kwa kisanduku cha idadi na bei, programu ikubali ufunguo bila Shift, ikiona & ijue ni 1, ikiona é ijue ni 2, basi. Ni mistari michache ya kodi ya programu na inapumzisha mikono ya mtu siku nzima.

Halafu umeme. Usingoje abonyeze «Hifadhi», kila dawa inayoingia iandikwe kwa diski palepale, umeme ukirudi faktire ifunguke pale ilipoishia, asianze upya dawa kumi mbele ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa.